Fundi Ritha: Kidatu Hadi Ifakara kwa Mguu Mmoja

Tunayemsindikiza leo hapa Mkula, Jumatano tarehe 27 Agosti 2025, ni Ritha Dionisi Mkangawalo. Wengi wenu mlimwita Fundi Ritha, na nyumbani kwake alikuwa Mama Edward. Wasifu huu aliusikia kwa masikio yake. Mwezi Julai alimtaka mdogo wake Gasper, ambaye ndiye anayeusoma sasa, aanze kuuandika, akawa anasomewa kipande kwa kipande akiwa kitandani na kusahihisha tarehe. Alitoa agizo moja tu: sehemu ya mashindano isipitiwe kwa sentensi moja, na isisomwe kwa sauti ya kilio. Gasper aliahidi, na atajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1979 hapahapa Mkula, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu mzee Dionisi Mkangawalo, mkulima wa mpunga na fundi baiskeli, na mama Rosa, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Mama Rosa husema kwamba Ritha alijua kuziba pancha kabla ya kujua kusuka ukili, na kwamba nguo zake zote za utotoni, hata ile ya Komunyo ya Kwanza, zilikuwa na alama ya grisi mahali fulani.

Alisoma Shule ya Msingi Mkula kuanzia mwaka 1987 hadi 1993. Alipokuwa darasa la tano, baiskeli ya mwalimu mkuu ilikuwa inalia njia nzima, kiasi kwamba wanafunzi waliochelewa waliisikia kwa mbali na kupata muda wa kukimbia. Siku moja wakati wa mapumziko Ritha aliifungua. Mwalimu alipotoka ofisini aliikuta vipande vipande juu ya gunia.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu. Ila gololi zako zimekwisha, umebakiwa na nne."

Mwalimu alivuta kiti akakaa kusubiri. Jioni aliondoka kimyakimya, baiskeli haitoi hata mlio, na wiki ile wachelewaji wote walikamatwa. Ritha alikosa marafiki kwa muda mrefu.

Mwaka 1995 na 1996 alijifunza ufundi wa vyuma katika chuo cha ufundi stadi, msichana peke yake kati ya wavulana ishirini na wawili. Mwaka 1999 alihamia Ifakara akafungua kibanda chake Mlabani, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwaka huu. Miaka ya mwanzo wanaume walikuwa wakifika na kumuuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu, "Ametoka kidogo, niachie hiyo baiskeli." Wakirudi wanakuta kazi imekwisha, fundi bado "hajarudi," na yeye anapangusa mikono. Mafundi kumi na mmoja walijifunza kazi kwake, na saba kati yao wameingia na jeneza hili mabegani.

Mmoja wa wateja wake alikuwa kijana wa Kisukuma, Limbu Masunga, ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe wakitokea Magu. Alileta baiskeli ambayo ringi yake ilikunjwa na dume lililoikanyaga. Ritha aliinyoosha. Baada ya siku mbili Limbu alirudi, spoku zimelegea. Zikakazwa. Wiki hiyohiyo akarudi tena, spoku zimelegea upya.

"Kaka Limbu," Ritha alimwambia bila kuinua macho, "hizi hazijalegea. Zimelegezwa. Tena kwa koleo."

Limbu akasema, "Sasa ningekuja kusema nini?"

"Ungesema shida yako."

Aliisema. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Oktoba 2002. Mungu akawabariki watoto wanne: Edward, Sikitu, Omega na Nickolaus. Omega alipewa jina hilo mwaka 2011 kwa sababu wazazi walikubaliana kwamba ndiye wa mwisho. Miaka mitatu baadaye akazaliwa Nickolaus, na kila alipotaniwa, Marehemu alijibu, "Nilifunga hesabu mapema."

Ugonjwa ulianza mwaka 2016. Mwezi Machi stendi ya kuinulia baiskeli ilimwangukia mguu wa kulia. Maumivu yakaisha, kisha baada ya wiki chache yakarudi bila kuitwa. Yalikuwa maumivu ya ajabu, kwa maelezo yake mwenyewe. Mchana akiwa anafanya kazi yalinyamaza, akilala yanaamka. Alikandwa kwa maji ya moto, alichuliwa, alimeza vidonge vya maumivu miezi na miezi. Watu wote, naye akiwemo, walisema ni teguko. Kwenye kifundo cha mguu palitokea uvimbe mgumu, mdogo kama gololi, na kufika Desemba ulikuwa kama yai, kiatu hakivaliki.

Januari 2017 Limbu alimpeleka hospitali mjini Ifakara. Dk. Yoramu, daktari kijana aliyempokea, aliiweka picha ya eksirei dirishani akaitazama muda mrefu. "Mama," alisema, "huu uvimbe haukuja kukaa juu ya mfupa. Umetokea ndani ya mfupa wenyewe. Nakuandikia rufaa leo, na nakuomba usimruhusu mtu yeyote kuuchua tena."

Dar es Salaam walichukua kinyama kwa sindano nene na kukipima. Tarehe 6 Machi 2017 daktari bingwa wa mifupa, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwakalisha Ritha na Limbu akawachorea mguu kwenye karatasi. Karatasi hiyo bado ipo nyumbani. Aliwaeleza kwamba ni saratani ya mfupa iliyoanzia kwenye gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Katika mguu ni nadra, na huwa inakua polepole, ndiyo maana iliwadanganya watu wengi.

"Ni ile stendi?" Ritha aliuliza.

"Hapana. Stendi ilikufanya uuangalie mguu, basi. Sababu yake hatuijui kwa hakika. Hukuifanya wewe, hukurogwa, na hutamwambukiza mtu."

"Na dawa?"

"Aina hii haisikii sana dawa wala mionzi. Inasikia kisu. Na kwa ilivyosambaa kwenye kifundo, kukwangua hakutoshi. Tutakata chini ya goti."

Limbu aliinama. Ritha aliitazama ile karatasi. "Goti linabaki?"

"Linabaki."

Lakini msidhani alikubali siku ile. Alirudi Mlabani akakaa wiki tano. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, mtoto mdogo ana miaka mitatu, na kazi yake ni ya kusimama. Alimweleza Gasper kwamba katika wiki hizo aliuogopa msumeno kuliko alivyoogopa kufa. Mama Rosa alitaka kwanza wafunge na kusali. Upande wa shemeji zake kulikuwa na mganga aliyesifiwa. Kikao cha familia kikaitwa nyumbani kwake, na baba mdogo wa Limbu, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Mwanamke wa mguu mmoja atachota maji vipi?"

Limbu, ambaye hasemi sana vikaoni, alijibu, "Nitachota mimi."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Limbu akanyanyuka, akachukua ndoo mbili zilizokuwa mlangoni, akaenda bombani mbele ya wazee wote. Tangu siku hiyo mpaka Jumapili iliyopita, miaka minane na zaidi, maji ya nyumba ile yamechotwa na Limbu Masunga. Aliporudi na kuzitua zile ndoo, Ritha alisema, "Basi twendeni tukakate."

Alifanyiwa upasuaji tarehe 25 Aprili 2017. Kingo za mfupa zilipopimwa zilikutwa safi. Yaliyofuata hakuyaficha kamwe, maana alitaka watu wayajue. Mguu usiokuwepo ulimuuma. Vidole vilivyokwisha kuzikwa vilimwasha. Madaktari walikuwa wamemtahadharisha kwamba ubongo huchelewa kupokea habari, wakamfundisha kuweka kioo katikati ya miguu ili ule mzima uonekane kama miwili na kichwa kitulie. Alitumia kioo cha kunyolea cha Limbu. Siku nyingine kioo kilishindwa, naye akamwita Sikitu, aliyekuwa na miaka kumi na moja: "Mwanangu, nikune kidole gumba." Sikitu alikuna shuka tupu pale ambapo kidole kingekuwa, kwa umakini mkubwa, akiuliza kama ni hapo au chini kidogo. Marehemu aliapa kwamba ilisaidia.

Desemba mwaka huohuo alipata mguu bandia. Fundi wa miguu bandia alipata tabu naye, kwa kuwa kila skrubu aliitaka kuijua. Alirudi kibandani akiwa na stuli ndefu, na kila baada ya miezi mitatu, baadaye sita, alienda kupiga picha ya kifua, kwa sababu saratani ya namna hii ikitoroka hupenda kukimbilia mapafuni. Wiki ya kipimo hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Picha ikiwa safi aliwanunulia mafundi wake wote wali na kambale.

Kwenye ukuta wa kibanda aliandika kwa rangi ya fremu maneno haya: *Uvimbe mgumu usiopungua mwezi mzima, maumivu yanayokuamsha umelala: usikandwe, kapige picha.* Wapo waliomcheka. Februari 2021 binti wa sekondari aitwaye Happyness Tadei alileta baiskeli kujazwa upepo, akawa anachechemea. Ritha alimkalisha kwenye stuli yake akamvua kiatu na kupapasa juu ya unyayo, akakuta uvimbe mgumu.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi, shikamoo. Baba amesema tunaenda kwa mwunga mifupa Jumamosi."

Alikuwa amechanganya salamu na jibu kwa woga. Ritha aliitikia marahaba, akafunga kibanda saa nne asubuhi, akampakia binti kwenye bajaji mpaka kwa baba yake. Mzee Tadei alisema ni mchezo wa mpira tu. Ritha hakubishana. Aliufungua mguu wake bandia, akauweka mezani mbele ya mzee, akasema, "Wangu nao ulikuwa teguko." Siku hiyohiyo walikuwa hospitali. Ilikuwa saratani ya aina nyingine, inayopenda vijana na kukua haraka, ila hii inasikia dawa. Happyness alitibiwa kwa dripu miezi mingi, nywele zikaisha, kisha akatolewa kipande cha mfupa. Mguu ulibaki. Leo yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ameomba ruhusa kuja kumzika mama yake wa pili.

Sasa tufike kwenye mashindano.

Barabara ya lami kutoka Kidatu ilipofika mjini, wapenda baiskeli wa bonde waliandaa mbio za kwanza za Kidatu hadi Ifakara, Jumamosi tarehe 8 Julai 2023, wanaume na wanawake. Ritha alienda kujiandikisha. Mwenyekiti wa maandalizi, mzee Sebastiani, aliweka kalamu chini.

"Fundi, ukianguka njiani tutajibu nini sisi?"

"Kanuni inasema mshiriki awe na baiskeli yenye breki mbili zinazoshika. Ninazo. Kanuni ipi inasema miguu miwili?"

Mzee Sebastiani aliisoma karatasi yake mbele na nyuma, kisha akamwandika namba 14, wa mwisho kwenye orodha ya wanawake.

Walianzia Kidatu saa moja asubuhi. Ritha alikuwa na miaka arobaini na mitatu, wengi wa wenzake hawajafika ishirini na tano. Gasper alimfuata kwa pikipiki, na anakiri kwamba alikuja kumzuia, wala si kumshangilia. Mpaka Sanje alikuwa wa mwisho kabisa. Hapa Mkula kijiji kizima kilikuwa barabarani. Mama Rosa alikimbia kando yake hatua kama ishirini akimmwagia maji kichwani na kumwambia apunguze mwendo, naye akaongeza. Mang'ula akawapita wanne waliosimama kunywa soda. Milima ya Udzungwa kulia, mashamba kushoto, jua likaanza kuchoma.

Kabla ya Kiberege mambo yaliharibika. Jasho liliingia ndani ya mguu bandia, ukaanza kuteleza na kuchubua. Alisimama, akaufungua, akajifuta kwa khanga, akauvaa tena. Wawili wakampita. Baada ya muda mfupi ukateleza tena. Wakampita wengine wawili. Gasper alisogeza pikipiki.

"Dada, inatosha. Panda twende. Umefika mbali kuliko alivyotegemea mtu yeyote."

"Mtu yeyote nani?"

Ritha aliufungua mguu bandia safari ya tatu, akamkabidhi. "Funga huu kwenye karia. Usiudondoshe, ni wa maana kuliko wewe."

Kisha akapanda na mguu mmoja. Kumbe usiku na mchana kwa miezi minne alikuwa amejiandaa kwa jambo hilo bila kumwambia mtu: pedeli ya kushoto ilikuwa na mkanda wa mpira wa tyubu uliokamata kiatu, hivyo mguu mzima uliweza kusukuma ukishuka na kuvuta ukipanda. Bila mzigo wa kuteleza, baiskeli ikanyooka. Gasper aliangalia saa ya mwendo kwenye pikipiki akadhani imeharibika. Akampita wa kwanza Kiberege, na mwenye duka mmoja akatoka na ndala mkononi akipiga kelele. Akampita wa pili na wa tatu Signali, na wengine watano kabla ya Kibaoni. Simu zilikuwa zimetangulia. Kibaoni watu walikuwa wamesimama pande mbili, wauza samaki wameacha samaki, bodaboda wanapiga honi, na mafundi wake wote kumi na mmoja wanakimbia nyuma yake na spana mikononi. Mzee Sebastiani, mwenye kanuni zake, alikuwa amepanda juu ya meza. Limbu alisimama kwenye mstari wa mwisho akiwa na ndoo ya maji.

Ritha alimaliza wa sita kati ya wanawake kumi na wanne.

Alipoulizwa alijisikiaje, alisema, "Nilidhani nitalia. Kumbe nilikuwa na njaa."

Septemba 2024 alianza kukohoa. Picha ilionyesha madoa kwenye mapafu yote mawili, na Dk. Yoramu alimweleza bila kuzunguka kwamba ni saratani ileile ya kifundo, imehama, na kwa wingi wake haikatiki tena. Angepewa dawa za kutuliza maumivu na kusaidia pumzi. Alirudi nyumbani akalala siku mbili akiwa ameelekea ukutani. Siku ya tatu aliamka akaanza kumkabidhi Sikitu kibanda, kazi baada ya kazi.

Desemba, Elineema, mke wa Edward, akasema ana mimba. Marehemu alihesabu kwa vidole: Agosti. Kuanzia hapo nyumba nzima ilihesabu naye. Alikula hata asipotaka, alimeza dawa kwa saa, alikubali kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulikubali maishani. Juni pumzi zilipungua, na madaktari wakawa hawatazami kalenda pamoja naye. Alimwambia Elineema, "Mimi na wewe tunashindana, ila wewe usikimbie."

Mtoto wa kike alizaliwa Jumatano tarehe 13 Agosti 2025, na siku ya tatu akaletwa Mlabani. Marehemu aliomba ainuliwe kwa mito. Alifungua khanga, akaishika miguu yote miwili, akazungusha vifundo taratibu kimoja baada ya kingine, akavibonyeza kwa kidole gumba kama alivyowahi kumfanyia Happyness.

"Havina kasoro," alisema.

Edward alimwomba mtoto aitwe Ritha.

"Hapana. Jina langu bado nalitumia. Mwiteni Balbina, ukoo huu hauna Balbina."

Aliendelea kulitumia siku tisa zaidi. Alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 24 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Limbu, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mume, Limbu Masunga, mama mzazi, Rosa, ndugu wanne, mkwe mmoja, Elineema, watoto wanne, Edward, Sikitu, Omega na Nickolaus, na mjukuu mmoja, Balbina, ambaye leo ametimiza wiki mbili na amelala muda wote huu mgongoni kwa mama yake.

Mama Edward, umefika. Pumzika, na amani ya Mungu ikae nawe.